Ufa Usio na Pigo: Tarikhi ya Mifupa Iliyochoshwa na Kazi

Katika mwaka 1855 tabibu mmoja wa jeshi la Prussia, jina lake Breithaupt, aliandika katika gazeti la matabibu habari za maradhi aliyoyaona miongoni mwa makuruta, vijana waliovikwa viatu vigumu, wakabebeshwa bunduki na mikoba, kisha wakaamrishwa kutembea mwendo mrefu siku baada ya siku: miguu yao ilivimba juu ya wayo, nyuma kidogo ya vidole, ikawauma kila walipoikanyagia, na uvimbe ule haukuwa na jeraha, wala kijana mwenyewe hakuweza kusema ni lini alijikwaa au kupigwa. Breithaupt hakuwa na chombo cha kuona ndani ya nyama. Alikuwa na macho, vidole na masikio, na kwa msaada wa hivyo vitatu alikisia kwamba ala za kano za mguu zimeingiwa na uvimbe wa moto kwa sababu ya kukazwa mno. Katika kukisia alikosea. Illa anahesabiwa kuwa wa kwanza kuyaandika maradhi hayo, na aliandika bayana kwamba maumivu yale ni ya kweli na kwamba yaliletwa na mwendo.

Mtu akianguka kutoka juu ya mnazi, au akipigwa teke uwanjani, kuvunjika kwake kuna shahidi, kuna saa na kuna mahali. Jirani humbeba, mjuzi wa kuunga mifupa huitwa na magango yake, na hapana amwulizaye kama anasema kweli. Lakini yule ambaye mfupa wake umepasuka kwa hatua elfu nyingi, na kila hatua peke yake ilikuwa nyepesi, hana tukio la kulitaja. Alilala mzima, akaamka anachechemea. Anayemwamuru, awe sajini au awe kocha, aghalabu huitafuta kasoro katika moyo wake kabla ya kuitafuta katika mguu wake. Nionavyo mimi, tarikhi ya maradhi haya, ambayo sasa imepita karne moja na nusu, ni tarikhi ya watu wenye ilimu kubwa walioitafuta sababu kila pembe, katika kano, katika vijidudu, katika misuli, kabla ya kukiri kwamba kazi yenyewe, ikiwa imezidi mapumziko, yatosha kuvunja mfupa.

Baada ya Prussia ilikuja zamu ya Ufaransa, ambako tabibu wa jeshi aitwaye Pauzat aliandika katika mwaka 1887 kwamba shina la taabu hii limo katika mifupa mirefu ya wayo, na kwamba utando uifunikao umeumuka na kuzaa mfupa mpya kwa ajili ya matembezi. Alikuwa amesogea karibu kabisa na mlango. Kilichomzuia kuingia ni kwamba hakuna aliyeweza kuutazama mfupa wa mtu aliye hai bila ya kumpasua, na hapana tabibu mwenye akili ambaye angempasua askari kwa sababu ya uvimbe ambao, akipumzishwa majuma machache, ungepungua wenyewe.

Mlango huo ulifunguliwa mjini Würzburg mwezi wa Novemba 1895, pale Wilhelm Röntgen alipogundua mionzi ipenyayo nyama na kuacha kivuli cha mfupa juu ya kioo cha picha. Haikupita miaka miwili kabla majeshi hayajaanza kuitumia. Katika mwaka 1897 Stechow, naye tabibu wa jeshi la Ujerumani, aliwapiga picha askari wenye miguu iliyovimba, akauona mfupa wenyewe umevunjika, pasipo pigo wala kuanguka. Kilichoitwa uvimbe wa mguu kwa miaka arubaini na zaidi kilikuwa mfupa uliopasuka, na watu waliotembea juu yake walikuwa wakitembea juu ya mvunjiko.

Ingedhaniwa kwamba baada ya hapo ubishi ungekoma. Haukukoma, na sababu yake yafaa kuangaliwa kwa makini, kwa maana hata leo ndiyo iwapotezayo wengi. Mtu apigwapo picha ya eksirei katika juma la kwanza la maumivu, aghalabu picha hutoka safi: mfupa mweupe, kingo zake zimenyooka, hapana alama. Ufa ni mwembamba kuliko unywele na mionzi huupita bila ya kuutambua. Baada ya majuma mawili au matatu, mtu yule yule akipigwa tena, huonekana ubavuni mwa mfupa ukungu mdogo mweupe, kama moshi ulioganda. Huo ni mfupa mchanga ambao mwili unaujenga ili kuuzunguka ufa na kuufunga. Kwa hiyo picha ilileta shari mbili badala ya moja. Kwanza, kijana aliyepimwa mapema aliambiwa kwamba hana kitu, na karatasi ya hospitali ikawa shahidi dhidi yake. Pili, aliyepimwa akiwa amechelewa alionekana na ule uvimbe wa mfupa mchanga, ambao kwa jicho la haraka wafanana na saratani ya mfupa, na matabibu wa nusu ya kwanza ya karne ya 20 waliandika mara nyingi kuwaonya wenzao wasije wakaukata mguu wa mtu ambaye dawa yake ni kupumzika. Hata Deutschländer wa Hamburg, aliyeeleza katika mwaka 1921 habari za wanawake waliopatwa na maradhi yale yale ya wayo hali si askari, aliwaza vijidudu vilivyoingia mfupani kwa njia ya damu. Wanawake wale hawakuwa wamepiga gwaride, naye hakuona ni mwendo gani ungeweza kuwavunja.

Wakati matabibu wakisumbuka hivyo, wahandisi walikuwa wamekwisha kulijua jambo lile lile katika chuma. Huko Clausthal, katika milima ya Harz, msimamizi wa migodi Wilhelm Albert alishangazwa na minyororo ya kuinulia mawe ya madini, ambayo ilikatika chini ya mzigo iliyouchukua salama siku zote zilizotangulia. Tangu mwaka 1829 aliijaribu kwa mashine iliyoipakia na kuipakua tena na tena, akaona kwamba kukatika kwake kulitokana na marudio ya mzigo kupita uzito wake. Tarehe 8 Mei 1842 mhimili wa gari la moshi lililotoka Versailles kuelekea Paris ulivunjika. Mabehewa yakapandana, moto ukawaka, na abiria wengi wakafa, mmoja wao akiwa baharia mashuhuri Dumont d'Urville. Baada ya hapo ndipo mhandisi wa reli August Wöhler alipotumia miaka mingi, mpaka 1870, akiizungusha mihimili katika mashine zake na kuonyesha kwamba kila mzigo una idadi yake ya marudio, na kwamba mzigo ukipunguzwa chini ya kipimo fulani, chuma huweza kuuchukua karibu pasipo mwisho. Chuma kilikubaliwa kwamba huchoka, na kampuni za reli zikabadili mihimili kabla haijavunjika. Askari wa zama hizo hizo hakupewa heshima hiyo.

Hata hivyo mfupa si chuma, na tofauti yao ndiyo sehemu tamu kuliko zote katika maarifa haya. Katika mwaka 1866 bingwa wa viungo vya mwili Hermann von Meyer aliwaonyesha wenzake wa Zurich mfupa wa paja uliopasuliwa kwa urefu, ukiwa na nyuzi ndogo ndogo za mfupa zilizopangwa kwa mistari iliyopinda, na mhandisi Karl Culmann aliyekuwapo akatambua kwamba mistari ile yafuata njia zile zile ambazo yeye angezichora kuonyesha jinsi nguvu zipitavyo katika winchi ya kupakulia shehena. Julius Wolff wa Berlin akaichukua fikira hiyo, na katika mwaka 1892 akatoa kitabu chenye kudai kwamba mfupa hujipanga upya kufuata mzigo unaoubeba. Chuma kikitumiwa huwa kinakwenda katika kuchakaa tu. Mfupa ukitumiwa hujijenga, na mkono wa mhunzi hunenepa mfupa kuliko mkono wake wa pili.

Basi imekuwaje kitu kijijengacho kwa kazi kivunjwe na kazi? Jawabu lilipatikana pole pole baada ya mwaka 1960, hasa kwa juhudi ya Mmarekani Harold Frost, ambaye alizionyesha nyufa ndogo ndogo ndani ya mifupa ya watu na kueleza jinsi mwili unavyozifanyia ukarabati. Ndani ya mfupa zimo chembe hai za namna mbili zifanyazo kazi kwa zamu. Za kwanza huja mahali palipochoka, zikakila kipande cha mfupa wa kale na kuchimba kijishimo, na kazi hiyo huchukua kiasi cha majuma matatu. Za pili hufuata nyuma yake, zikaweka utando mpya tabaka juu ya tabaka na kuutia chokaa, na hizo huhitaji kiasi cha miezi mitatu. Kuvunja ni kwepesi, kujenga ni kwa taratibu. Kwa hiyo kijana aanzaye mazoezi mazito bila ya kuyazoea, ambaye juma la kwanza na la pili ameyastahimili vyema na kusifiwa, huingia katika juma la tatu, la nne na la tano akiwa na mfupa uliotobolewa mahali pengi na usiozibwa bado. Ni dhaifu kuliko siku aliyoanza, ilhali moyo na mapafu yake yamekwisha kupata nguvu na yanamwambia aongeze. Hapo ndipo ufa upatapo njia. Kama akipewa mapumziko, wajenzi huwafikia wachimbaji na mfupa hutoka imara kuliko ulivyokuwa. Kama akisukumwa, vijishimo huungana na nyufa, na siku moja, katika hatua isiyo na tofauti na nyingine, mfupa hukubali.

Majeshi ya Vita vya Pili yalitoa mamia ya wagonjwa wa namna hii, na matabibu wa Marekani waliandika sana juu yao. Lakini kufikia miaka ya 1950 taabu hii ilikuwa imehamia kwa watu waliojiamrisha wenyewe. Katika mwaka 1956 mpasuaji wa London, Jackson Burrows, alieleza habari za wacheza bale waliopasuka muundi katikati, upande wa mbele, mahali ambapo mfupa hupinda na kuvutwa kila mchezaji arukapo na kutua. Ufa wa hapo ni mkaidi: katika picha huonekana kama mstari mweusi uliokata ukingo wa mbele wa mfupa, nao huweza kukaa miezi mingi bila ya kuungana. Miaka miwili baadaye, katika 1958, Michael Devas, mpasuaji wa Hastings, aliandika makala juu ya wanariadha wenye maumivu ya muundi, jambo ambalo makocha wa Uingereza walilihesabu kuwa ni la kawaida, la kuvumiliwa, la kuchuliwa kwa mafuta. Devas alionyesha kwamba baadhi yao wana mvunjiko wa kweli.

Dalili yake yaweza kujulikana na mtu yeyote mwenye subira na kidole gumba. Mgonjwa hukaa, mguu umenyooshwa, na mpimaji hupitisha gumba lake juu ya muundi kutoka gotini kwenda chini, akibonyeza kwa nguvu ile ile kila mahali. Kama maumivu yameenea shubiri nzima kando ya mfupa, na hupungua mwili ukipata moto wa mbio, aghalabu ni utando na misuli iliyochoka. Kama gumba likipita kimya mpaka likafika mahali pamoja pasipozidi upana wa sarafu, na hapo mgonjwa akaruka, na kama maumivu yake huzidi kadiri akimbiavyo badala ya kupoa, na usiku humwamsha, basi mpimaji na amsimamishe mbio siku hiyo hiyo, hata picha isemeje.

Zama za Devas ndizo zama ambazo wingi wa mazoezi ulipanda kuliko wakati wowote. Emil Zátopek alikuwa amewaonyesha walimwengu faida ya kurudia mbio za mita 400 mara nyingi katika siku moja. Huko New Zealand Arthur Lydiard aliwakimbiza vijana wake maili 100 kwa juma, na katika Olimpiki ya Roma ya 1960 Peter Snell na Murray Halberg wakatwaa dhahabu. Alipokuja Frank Shorter kushinda marathoni ya Munich mwaka 1972, Wamarekani kwa maelfu wakaingia barabarani, wengi wao watu wa ofisini ambao miguu yao haikuwa imefanya kazi tangu utotoni. Nasema bila ya kuwalaumu: walisikia habari za maili 100 na hawakusikia habari za miaka iliyotangulia maili hizo. Katika miaka hiyo hiyo ya 1970 hospitali zilipata dawa yenye mnururisho mdogo ambayo hudungwa mshipani na kukusanyika pale mfupa unapojijenga kwa bidii, hata ufa wa siku chache ukaweza kuonekana kama doa jeusi juu ya picha. Kisha zikaja mashine za sumaku, ambazo huonyesha maji ya uvimbe ndani ya uboho hata kabla ufa haujawa ufa. Vyombo vilikuwa vimewafikia wagonjwa mwishowe.

Swali lililobaki lilikuwa hili: wakimbiaji wawili hufanya mazoezi sawasawa, wakala meza moja, mmoja akavunjika na mwenziwe asivunjike. Hapa wanawake ndio waliofungua fumbo. Mwaka 1984, mwaka ule ule ambao Olimpiki iliwakubalia wanawake kukimbia marathoni kwa mara ya kwanza, Barbara Drinkwater na wenziwe wa Seattle walichapisha vipimo vya mifupa ya wanariadha 28 wa kike, nusu yao wakiwa wamekatikiwa na hedhi. Wale waliokatikiwa, ambao wastani wa umri wao ulikuwa miaka 25, walikutwa na pingili za uti wa mgongo zenye uzito wa mfupa unaolingana na wa wanawake wa miaka 51. Kukatika kwa hedhi kulikuwa kukihesabiwa na makocha wengi kuwa ni alama ya mazoezi mema. Kumbe kilikuwa kilio cha mwili usiopata chakula cha kutosha kwa kazi unayoifanya, na uliofunga milango ya uzazi na ya ujenzi wa mfupa ili ubakize nguvu za kuishi. Anne Loucks wa Ohio akaonyesha baadaye, kwa kuwapima wasichana chakula chao na kazi yao, kwamba homoni za uzazi huanza kuvurugika siku chache tu baada ya chakula kilichobakia baada ya mazoezi kushuka chini ya kiasi cha kalori 30 kwa siku kwa kila kilo ya mwili usio mafuta. Katika mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitangaza kwamba upungufu huu huwapata wanaume pia, na wapanda baiskeli na wakimbiaji wembamba wa kiume waliodhani kuwa habari hizo ni za wanawake peke yao wakajikuta wametajwa.

Jeshi la Israeli nalo lilitoa somo lake. Charles Milgrom na wenziwe waliwafuatilia makuruta 295 na kuandika mwaka 1985 kwamba asilimia 31 walipata nyufa za uchovu, nyingi zikiwa katika muundi na mfupa wa paja, na nyingi katika zile za paja hazikumwuma mwenyewe kabisa. Kwa miaka 25 walijaribu njia nyingi, vikiwamo viatu vya namna mpya na vitegemezi vya wayo. Taarifa yao ya mwaka 2008 yasema kwamba mvunjiko ulipungua kwa zaidi ya asilimia 60 pale makamanda walipolazimishwa kuwapa makuruta usingizi usiopungua saa 6 kila usiku na kupunguza jumla ya matembezi.

Nayaandika haya nikiwafikiria vijana wa nyanda zetu za juu, wa Iten na Eldoret na wa milima ya Arusha na Manyara, ambao mbio kwao ni shamba, ni ada ya shule ya wadogo zao na ni paa la mabati la mama. Kijana wa namna hiyo ana kila sababu ya kuficha maumivu: nafasi yake kambini ina watu kumi waisubirio, na wakala ataka kumpeleka Ulaya mwezi ujao. Ufa wa muundi uliofichwa humgharimu msimu. Ufa wa shingo ya mfupa wa paja uliofichwa ni balaa kubwa zaidi, kwani ukiachama upande wa juu wa shingo, mfupa waweza kutengana, damu ya kichwa cha paja ikakatika, na kijana wa miaka 20 akabaki na nyonga ya mzee. Ndiyo maana wapasuaji huukaza upande huo kwa skrubu bila ya kungoja, ilhali ule wa upande wa chini mara nyingi huponywa kwa magongo na majuma ya subira. Mwenye maumivu ya kinena yasiyokoma baada ya mbio hana haki ya kuambiwa avumilie.

Kwamba mfupa husamehe ukipewa muda, hilo nalo lina ushahidi. Mwaka 2008 Paula Radcliffe wa Uingereza, aliyekuwa na rekodi ya ulimwengu ya marathoni, aligunduliwa kuwa na ufa wa uchovu katika mfupa wa paja la kushoto miezi mitatu tu kabla ya Olimpiki ya Beijing. Alitembea kwa magongo, akafanya mazoezi majini, na tarehe 17 Agosti akasimama mstarini akiwa na mazoezi machache ya barabarani. Catherine Ndereba wa Kenya alitwaa fedha siku hiyo, nyuma ya Constantina Diță wa Rumania. Radcliffe alifika wa 23, kwa saa 2, dakika 32 na sekunde 38, akichechemea. Majuma 11 baadaye, tarehe 2 Novemba, mguu ule ule ulishinda marathoni ya New York kwa saa 2, dakika 23 na sekunde 56.